Kokwa Lisilo Langu

Burnsville, Minnesota
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Namsifu,

Shikamoo. Naiweka shikamoo hii kwenye karatasi maana ile ya mwisho ulikata simu kabla hujaiitikia, na tangu siku hiyo naiona inaning'inia tu. Habari za nyumbani? Magoti yako yanasemaje na baridi ya mwaka huu? Mama anakula, au bado anakigusa chakula na kukisogeza pembeni? Na shemeji amemaliza kuezeka banda la ng'ombe? Nauliza ng'ombe kwa sababu nitawahitaji humu ndani ya barua, usicheke.

Sisi huku ni wazima. Mke wangu Rehema yuko jikoni anakaanga maandazi na anakusalimu sana. Tumaini ameingia darasa la tatu. Nimemwambia aje aandike neno moja tu la kumsalimu shangazi yake, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili chake cha kuandika kina aibu. Amechora ua hapo juu pembeni, basi ulipokee kama salamu. Majani ya miti yameanza kugeuka rangi, na asubuhi hewa inauma masikio kidogo. Miezi miwili ijayo theluji itafunika kila kitu, na mimi nitaanza tena kulalamika kama mgeni, ingawa mwaka wa kumi na nne huu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono, tena imeletwa na mtu wa kanisani kwetu anayekuja Lushoto likizo. Lakini ni wewe mwenyewe uliyeniambia mambo ya mti hayasemwi hewani. Basi nimetii, nimekaa mezani na kalamu.

Nianze na simu ile. Uliponipigia nilikuwa nimepaki gari nje ya duka, mfuko wa unga umenilalia mapajani. Ukaniambia Mama alipanda mlimani peke yake na panga, akauchuna mzambarau mwitu wetu gome karibu kuuzunguka wote. Ulipomkuta kijitoni akirudi, akasema anamtafutia mtoto dawa ya tumbo. Mtoto gani, hakujua. Halafu akakutazama na lile panga mkononi, akakuuliza, "Kwani tulikuja kufanya nini hapa?" Ukasema shemeji alipanda kuangalia, akakuta limebaki gome la upana wa vidole vitatu tu, upande wa juu wa mlima, na majani yameanza kujikunja. Mti uliotuliza matumbo ya watoto wa vijiji vyetu vyote, tangu enzi za mama yake bibi, unakufa umesimama.

Nikakuuliza mbona hujaufunga vidonda. Ukasema, "Elia, mimi mti ule sikupewa. Nitauguzaje kitu nisichopewa?" Nikakuambia ngoja nikuelekeze. Ukasema, "Usiniambie hewani," ukakata.

Nikabaki nimekaa na unga wangu. Dada, sasa nikuambie kitu cha aibu. Hata kama ungesubiri, nisingekuwa na la kukuelekeza. Mimi niliyepewa mti nilikuwa nimesahau namna ya kuuguza. Nilikumbuka gome linatolewa upande jua linakochomoza na upande linakozama, kipande cha upana wa kiganja, na kwamba pande nyingine mbili haziguswi mpaka kidonda kifunge. Nilikumbuka kuutajia mti jina la mgonjwa, na kwamba mgonjwa akipona anaupelekea maji kwa mikono yake mwenyewe. Lakini nini kinapakwa kwenye kidonda, na kinafungwaje, kulikuwa kweupe kichwani. Miaka yote hii nimeutembeza mti huo huku ughaibuni kama mtu anayetembea na ufunguo wa nyumba, kumbe sikujua hata mlango unafunguka kuelekea wapi.

Tangu siku ile mti umehamia huku. Asubuhi nikivuka daraja la mto kwenda kazini Eagan, ukungu unapanda kutoka majini unalala juu ya barabara, na nyuma ya ukungu nauona umesimama, shina lake jeupejeupe. Nikikaribia, ni nguzo ya taa. Kazi yangu si unaijua, nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima natafuta makosa ya wenzangu. Basi nikiinua macho dirishani, ghorofa ya tatu, pale kwenye uwanja wa kupaki magari namwona Mama anapita kati ya magari na kikapu chake, anayagusa moja moja kama anatafuta upande wa mashariki. Sisemi kwamba namwona kweli. Nasema tu kwamba sishtuki.

Jumamosi moja mchana nilisinzia kwenye kochi, jua limeniangukia usoni kupitia kioo. Nikauota mti umeota pale sebuleni, mizizi imepita chini ya zulia, matawi yamegusa dari. Ulikuwa umejifunga kanga ya bluu. Matone ya maji yanadondoka kutoka kwenye pindo la kanga, tone, tone, mimi nataka kusimama nikakinge na bakuli lakini miguu imekuwa mizito. Nikaamka, Tumaini amekaa sakafuni anasoma. Nikamuuliza kama ameona maji. Akasema hapana, akaendelea kusoma. Kanga ile, dada, niliijua ni ya nani, nikajifanya siijui.

Sasa kazini kuna mama mmoja tunakaa meza jirani. Kwao ni hapahapa, wale wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya wazungu, ndugu zake wengi wako upande wa Shakopee. Alinikuta nimekodolea macho dirisha, akaniuliza nimepotelea wapi. Nikamsimulia habari za mzambarau, bila yale yasiyosemwa. Hakucheka. Akaniambia bibi yake naye alikuwa akichemsha gome la mti fulani wa porini wenye vitunda vyeusi, kwa tumbo na kwa kikohozi, na kwamba miti hiyo imejaa kando ya njia zetu za matembezi, mimi ndiye sijaiangalia. Akanionya kokwa lake lisitafunwe hata kidogo, lina sumu, nile nyama yake tu na niteme. Akanionyesha picha ya majani yake kwenye simu.

Jumapili iliyofuata tukatoka kutembea kandokando ya ziwa hapa Burnsville, mimi na Tumaini na jirani yetu Wambui, nesi kutoka Kenya, mama mwenye maneno. Nikauona. Kamti kadogo, si mrefu kama wetu, vitunda vimeshonana kwenye vikonyo, vyeusi vya kung'aa. Nikachuma kimoja nikaweka mdomoni. Wambui akasimama palepale.

"Baba Tumaini, hizo si ni za ndege? Wewe kula tu. Ukianguka hapa ni mimi nitaulizwa, na mimi leo niko off."

Ulimi ulikuwa umebanwa. Unaukumbuka ule ukali wa zambarau mwitu, utamu unakuja kwanza, halafu mdomo mzima unakunjamana kana kwamba umelamba shaba? Ulikuwa uleule. Kokwa likateleza likakaa chini ya ulimi, na mimi nikafumba macho katikati ya njia ya watu wanaokimbia na mbwa wao.

Nikawa na miaka tisa. Nikausikia mkono wa Mama juu ya utosi wangu, na sauti yake nzito kwa sababu naye ana kokwa chini ya ulimi, maana ndivyo mti unavyopewa, mpaji na mpokeaji wote wawili wana kokwa mdomoni ili maneno yatoke polepole. Nikaona vidole vyake vinakanda udongo. Nikauona ni udongo gani. Yote yakarudi, dada, moja baada ya jingine, na mwisho likarudi na lile ambalo sikuwa nimelisahau bali nilikuwa nimelifunika. Nilipofumbua macho nilikuwa nalia. Wambui akadhani ni sumu, akanishika mkono kunipima mapigo.

Kwanza mti, maana ndio ulio mahututi. Usisubiri vuli. Chota udongo wa mfinyanzi pale kijito kinapopinda, ule wa kijivu, si mwekundu wa shambani, mwekundu unakauka na kupasuka. Changanya na kinyesi kibichi cha ng'ombe, udongo mafungu mawili, kinyesi fungu moja, na majivu ya jikoni gao moja la mkono. Ukande mpaka usishike kwenye vidole. Osha kidonda kwa maji ya kijito, kisha paka unene wa kidole gumba, kuanzia chini kupanda juu. Juu yake funga magamba makavu ya mgomba, uyafunge kwa kamba za mgomba hizohizo, na chini uache wazi ili maji yasikae ndani. Kile kipande cha vidole vitatu kilichobaki usikifunike, hicho ndicho kinachoulisha mti. Mwambie shemeji akate matawi ya chini, ili mti usiwe na midomo mingi ya kulisha. Kila wiki angalia kama udongo umepasuka, urudie. Hayo hayana mwiko, ndiyo maana nimeyaandika wazi. Sijui kama utapona. Mama alisema aliwahi kuona mmoja umepona ukiwa umebakiwa na gome dogo kama hilo, na mimi nimeamua kumwamini.

Lakini najua utasema yaleyale, kwamba hukupewa. Miaka thelathini na zaidi umembebea Mama kikapu mpaka kijitoni, ukakiweka chini upande wa huku, ukasubiri apande peke yake na kurudi. Umewashika wagonjwa vichwa wakinywa, umechemsha hiyo dawa mpaka mikono yako imekuwa na rangi yake, na bado hujawahi kuvuka kijito. Hata tunda lake huli. Watoto wako wanadhani hulipendi.

Ngoja Rehema amenipa chai. Nimekiweka kikombe pembeni, narudi kwenye kalamu.

Dada, siku ile Mama alikuwa amekuchagua wewe.

Ilikuwa asubuhi, likizo, ukungu haujapanda. Mama aliniamsha nimsindikize kuchukua kuni, nikamfuata mpaka mtini. Akatandika kanga chini, akachuma zambarau, akanigeukia. Akasema, "Elia, kimbia kamwite dada yako. Mwambie Mama anakuita mtini. Aje na kikapu kidogo, na afanye haraka, umande unakauka." Maana mti hupewa mtu kabla umande haujakauka, na hupewa mtoto mmoja tu, na sifa za aliyepewa zote nilikuwa nimezisikia. Nikakimbia. Nikakukuta kijitoni unafua, umejifunga ile kanga yako ya bluu, umeinama, unaimba peke yako. Hukuniona. Nilikuwa nyuma ya magugu, karibu kiasi kwamba matone ya nguo yalinirukia.

Nilikuwa na wivu, basi. Sina maneno mazuri ya kuupamba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ulijua kila kitu, Mama alikuwa akikuita kila saa, na mimi nilikuwa wa kutumwa tu. Nikafikiri, leo na hili pia anapewa. Nikasimama pale mpaka nikakuona unasuuza nguo ya mwisho. Nikarudi juu polepole. Nikamwambia Mama, "Sikumwona."

Alitazama chini kwenye njia. Alisubiri sana. Aliweka kiganja kwenye nyasi, akakigeuza, akaona kinaanza kuwa kikavu. Akasema, "Basi kaa wewe." Nikala tunda. Nilipewa kokwa nilishike chini ya ulimi, na kwa hofu nikaliuma kidogo pembeni.

Ulipofika nyumbani na karai la nguo ulinikuta mlangoni. Ulinitazama ulimi wangu wa zambarau, ukatazama matope kwenye vidole vyangu, ukaenda kuanika nguo. Mchana hukula. Miaka yote hii umeamini kwamba Mama alikuona hufai. Na mimi nimekuacha uamini. Nimekusikia hata ukinisifia kwa watu, kwamba Mama alijua kuchagua, kwamba Elia ana kichwa. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma huku ukauza mbuzi wako ili nisije na viatu vilivyochanika, na hata siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, sikusema. Nilikuwa na nafasi nyingi. Nina haya, dada. Sikuombi unisamehe kwenye barua, nakuomba tu uisome mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Katika simu zako za karibuni ulinisimulia kitu ukakicheka ili usilie. Ulisema kila asubuhi, mara tu ukimtoa Mama nje kuota jua, anauliza, "Namsifu amekuja? Mwiteni, umande unakauka." Ukasema, "Niko mbele yake, nimeshika kikombe chake cha uji, ananiuliza niko wapi." Ulidhani ni usahaulifu. Mimi niliposikia, nikasingizia mtandao unakatika. Dada, vyote vimemtoka, jina langu limemtoka, njia ya kwenda kisimani imemtoka. Hilo halijamtoka. Bado amekaa pale juu anakusubiri, na aliyetumwa kukuita hajafika.

Basi naurudisha. Sheria inasema mwenye mti anaweza kuuachia kwa mdomo wake mwenyewe, na nimefanya hivyo sasa hivi. Nimeweka kokwa la kile kitunda cha huku chini ya ulimi, nimetamka kwa sauti, hapa mezani, kwamba mzambarau ule ni wa Namsifu. Tumaini ameinua kichwa akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na shangazi yako. Akasema shangazi hayuko kwenye simu. Nikamwambia najua.

Msimu wa zambarau bado, kwa hiyo fanya hivi. Chini ya kitanda cha Mama kuna kopo la majani ya chai. Ndani mna makokwa manne, la mama yake bibi, la bibi, la Mama, na dogo moja lenye alama ya jino pembeni. Hilo lenye jino mnasema ni langu. Si langu, nililishika tu. Lioshe, liweke chini ya ulimi wako. Ndipo ukate uzi wa karatasi ya pili iliyomo humu, ambayo nimeikunja na kuishona, yenye yale maneno ya mti yasiyosemwa hewani, na uyasome polepole, ukiwa umeshika shina kwa mikono miwili. Vuka kijito. Mchukue Mama, hata kama itabidi shemeji ambebe mgongoni. Na akikuuliza tena kama Namsifu amekuja, usimwambie kwamba upo hapo siku zote. Mwambie umeitwa, na umekuja.

Msalimie shemeji na mikono yake isiyochoka. Msalimie mjomba mfuga nyuki, mwambie asali yake ya mwaka juzi bado tunailamba kwa kijiko kidogo. Msalimie mama mdogo wa dukani, na wanao wote, hasa yule mwalimu, mwambie ajifunze kwako wakati bado una nguvu. Mama mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu, wala usimwambie ni kutoka kwa nani kama jina litamsumbua.

Nimechelewa sana, lakini natimiza nilichotumwa. Dada, Mama anakuita mtini. Uje na kikapu kidogo, na ufanye haraka, umande unakauka.

Ndimi mdogo wako, niliyetumwa,

Elia